Hukumu Mbele ya Wavu Mtupu

Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, husikika barazani: "Viongozi wamekula fedha!" Je, mshabiki ana haki ya kusema hivyo?

Wavuvi wa Ujiji watufundishe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, na hata nahodha hodari hurudi mikono mitupu. Hakuna amwitaye mwivi. Lakini nahodha aliyelala usiku wa giza, wala taa hakuzitengeneza, asiusingizie mwezi. Basi wavu mtupu pekee hautoshi kumhukumu mtu. Yatupasa kuuliza alijua nini, na aliweza nini.

Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023. Aprili 2024, katika uwanja wa Lake Tanganyika, iliitoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho. Kwa ushindi ule kiongozi hakuwa mtakatifu. Wala timu ikifungwa kesho hatakuwa mwivi kwa sababu hiyo.

Hatusemi washabiki wanyamaze. Usajili mbovu na hesabu zisizoeleweka viulizwe, tena mkutanoni, mbele ya mhusika, apate kujibu. Aliyelipa kiingilio amenunua haki ya kuuliza. Jina la mwenzake halikuuzwa mlangoni. Na aliyekwisha kulichafua bila ushahidi, amri ya nane yamdai alisafishe pale pale alipolichafulia. Wazazi, watoto wenu wawasikilizapo mkirudi uwanjani, wajifunze kwenu kuhukumu kwa haki.