Maandishi na Ufunguo Wake

Kuandika ni tendo la watu wawili. Mmoja huliweka neno na mwingine hulipokea. Na kati ya kuliweka na kulipokea upo muda, na aghalabu upo mwendo wa njia. Aandikaye huamini kuwa neno lake litamfikia msomaji mahali ambapo yeye hayupo, na katika saa ambayo pengine amelala au amekwisha kufa. Imani hiyo ndiyo iliyoyapa maandishi heshima kubwa. Walakini ina sharti moja lisilotajwa mara nyingi, nalo ni kuwa msomaji aweze kuyafungua maandishi aliyopewa. Katika zama za karatasi sharti hilo lilikuwa jepesi, maana bahasha hufunguliwa kwa vidole na kitabu kwa mikono. Katika zama za kompyuta sharti limekuwa zito, na uzito wake umezaa swali la maadili: mtu akimpa mwenzake maandishi ambayo mwenzake hana njia ya kuyafungua, je, amempa kitu?

Na uchukuliwe mfano wa kusini mwa Tanzania. Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, penye ukingo unaotazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Juu na chini, korosho ndizo fedha za mkulima, na tangu mwaka 2007 korosho zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi. Mzigo hupimwa na kuandikwa, hupelekwa ghalani, huuzwa kwa mnada, na malipo hurudi kwa kufuata orodha. Orodha, basi, si karatasi tu: ni kumbukumbu ya jasho la mwaka mzima.

Iwapo karani wa chama kimoja cha Newala ameiandika orodha yake kwa LibreOffice, kwa kuwa programu hiyo haina malipo na ndiyo aliyo nayo, kisha orodha ikateremshwa kwa flashi hadi Masasi kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani yenye Word ya mwaka 2003, yaweza kutokea mojawapo ya mambo matatu. Huenda faili likakataa kabisa kufunguka. Huenda likafunguka likiwa limejaa alama zisizosomeka. Na kama karani alijaribu kulihifadhi kwa muundo wa programu ya mwenzake, huenda likafunguka vizuri machoni, lakini aina ya herufi imebadilika, upana wa maneno si ule wa kwanza, nguzo za tarakimu alizozipanga kwa kubonyeza nafasi zimeteleza, na kilo za mkulima mmoja zimesogea zikakaa mbele ya jina la jirani yake. Katika haya matatu la mwisho ndilo baya kuliko yote. Faili lililokataa kufunguka husema kweli juu ya kukataa kwake. Faili lililofunguka vibaya husema uongo kwa sauti ya kweli.

Chanzo cha mambo haya hakifichiki. Ndani ya kompyuta herufi ni namba, na programu ya kuandikia huzizungushia namba hizo maagizo: hapa aya ianze, hapa neno likolezwe, hapa jedwali liwe na nguzo tatu. Kila mtengenezaji aliyapanga maagizo hayo kwa namna yake. Katika miaka ya 1980 WordStar na WordPerfect zilikuwa na enzi. Microsoft Word, iliyotoka mwaka 1983, ikaja kuzishinda, na mwenye maandishi ya programu iliyoshindwa akawa kama mtu aliyebaki na heller za Wajerumani baada ya Wajerumani kuondoka: neno hela limedumu katika lugha, lakini sarafu yenyewe hainunui kitu dukani. Mwaka 2007 Word yenyewe ikabadili muundo wake wa kawaida, na wenye matoleo ya zamani wakahitaji kiongezo ili wausome ule mpya. Muundo wa wazi uitwao OpenDocument ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Muundo mpya wa Microsoft nao ukakubaliwa mwaka 2008. Dunia ikapata viwango viwili kwa kazi moja.

Kiswahili kilitazamiwa kusalimika, kwa kuwa huandikwa kwa herufi za kawaida zisizobeba alama juu yake. Hakikusalimika. Programu nyingi huigeuza ritifaa iliyonyooka ya neno ng'ombe kuwa ritifaa iliyopinda, kwa ajili ya uzuri. Na programu nyingine, ikiisoma namba ya ritifaa hiyo kwa jedwali lisilo lake, huonyesha mahali pake alama tatu za ajabu. Mwandishi hakukosea, wala msomaji hakukosea. Na bado neno limeharibika njiani.

Litokeapo jambo kama hili, lawama hutafuta wa kumwangukia. Mara nyingi humwangukia msomaji: huambiwa anunue programu mpya, au kompyuta mpya, kana kwamba kushindwa kwake ni uzembe. Wengine humlaumu mwandishi kwa kutumia chombo kisichotumiwa na wengi. Wachache humlaumu mtengenezaji. Kabla ya kugawa lawama yafaa kujua kwanza ni kosa gani lililotendeka, na kama kweli lipo kosa.

Watu wa Newala hawahitaji kufundishwa tofauti ya kitu kuwapo na kitu kupatikana. Ardhi ya uwanda wao ni ya mchanga. Mvua hupenya ikaenda zake, na chemchemi hutokea chini, katika mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka ukingoni kufuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji yalikuwapo, na hakuna aliyeweza kusema kuwa nchi haina maji; lakini maji ya bondeni hayakuwa maji ya mtungini. Ilipoanza, katika miaka ya 1950, kazi ya kuyapandisha maji kwa mitambo na mabomba, hapana aliyedhani kuwa mitambo imeumba maji. Ilifupisha mwendo tu, na kufupisha mwendo kukawa ni kumpa mtu maji. Maandishi yaliyofungika katika faili ni maji ya bondeni. Elimu imo, jina la mkulima limo, kilo zake zimo. Lakini kumwambia msomaji kuwa vimo ndani si kumpa.

Yawezekana mtu akapinga kwa kusema kuwa si kila kilichofungwa ni dhuluma, na pingamizi hilo lina haki ya kusikilizwa. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hiyo wana jando na unyago, na ndani yake yamo maneno, nyimbo na mafunzo asiyoyajua mtu ambaye hajaingia. Wazee hawalaumiwi kwa kuyafunga. Lakini yatazamwe masharti ya kufunga kwao. Afungaye anajua kuwa anafunga. Anajua anamfungia nani na kwa sababu gani. Na mtoto aliyefungiwa mwaka huu ana njia iliyowekwa ya kuingia mwaka mwingine, na mtu mzima wa kumshika mkono. Siri ni mlango wenye bawabu. Faili lililoshindikana ni ukuta: hakuna aliyeukusudia, hakuna anayejua umemzuia nani, na hakuna aliyewekwa kumwingiza aliyebaki nje. Kwa hiyo kosa haliko katika kufunga. Liko katika kufunga bila kukusudia, na bila kuacha njia.

Wala ukuta wa namna hii haukuanza na kompyuta. Askofu Edward Steere alipoanzisha makazi ya misheni Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani walioletwa kutoka Unguja, alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1870, kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja, vyote kwa herufi za Kirumi. Zama hizohizo watu wa pwani waliandika barua zao, mikataba yao na tenzi zao kwa herufi za Kiarabu. Na mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo. Baadaye shule zikafundisha herufi za Kirumi, na kizazi kimoja baada ya kingine kikaacha kuzisoma zile za kale. Mwaka 1970 ilichapwa orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi asiyejua herufi za Kiarabu akikabidhiwa mmoja wa miswada hiyo, huwa ameshika Kiswahili asichoweza kukisoma, ingawa ni lugha yake mwenyewe. Hakuna mshairi aliyekusudia kuwafungia wajukuu. Ilitosha umbo la maandishi kubadilika, na wenye kulibadili wasijali kuacha daraja.

Hapa lazima haki itendwe kwa mabadiliko. Chombo kisichobadilika hufa, na mtengenezaji ana haki juu ya kazi ya mikono yake. Pengine hata kufunga mlango wa kale kuna sababu njema: mwaka 2007 sasisho moja la Microsoft Office 2003 lilianza kuzuia baadhi ya mafaili ya miundo ya zamani, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, maana mafaili ya kale yaliweza kutumiwa na wahalifu kuingilia kompyuta. Hakuna mwenye akili atakayedai kuwa kila mlango uliowahi kuwapo ubaki wazi milele. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hicho, nacho ni cha haki: abadiliye umbo la maandishi ya watu aache daraja la kuvukia, na aseme waziwazi jinsi daraja lilivyojengwa, ili hata yeye akifa au akifilisika watu waweze kulitengeneza. Maandishi ni mali ya aliyeyaandika na amana ya atakayeyasoma. Mwenye kutengeneza kalamu hakupata kuwa mrithi wa barua.

Lakini mzigo hauwezi kuwa sawa kwa wote, kwa kuwa uwezo si sawa. Karani wa Newala na mtu wa Masasi waweza kupigiana simu wakapatana. Mkulima hawezi kupatana na ofisi inayomtaka alete maombi yake kwa muundo mmoja tu. Wala mwananchi hawezi kuchagua serikali nyingine kwa kuwa tangazo la serikali yake halikufunguka. Kwa ajili hiyo jimbo la Massachusetts, Marekani, lilikata shauri mwaka 2005 kuwa nyaraka zake ziwe katika miundo ya wazi, na Serikali ya Uingereza ikachagua OpenDocument mwaka 2014 kwa nyaraka ambazo watu hushirikiana kuziandika. Hoja katika nchi zote mbili ilikuwa nyepesi kuelewa: raia asilazimishwe kununua bidhaa ya mfanyabiashara fulani ili asome maneno ya serikali yake. Kadiri mtu anavyoweza kuwalazimisha wengine, ndivyo wajibu wake wa kufungua mlango unavyokuwa mkubwa.

Afrika ya Mashariki haikosi kielelezo chake katika jambo hili, na kielelezo hicho ni Kiswahili chenyewe. Mmakonde wa Newala na Mmakua wa Masasi hawazungumzi lugha moja nyumbani. Wanapoandikiana, hukutana katika lugha ambayo hakuna mmoja wao anayeimiliki na hakuna anayelipa kodi ili aitumie. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliweka tahajia moja na ikachukua Kiunguja kuwa msingi. Usanifu huo ulikuwa na gharama, na walioilipa ni wenye lahaja nyingine, hasa za Mombasa na Lamu, ambao ushairi wao ulikuwa na heshima ya kale. Gharama hiyo isifichwe. Lakini kilichonunuliwa ni njia ya wote. Kwa moyo huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelezo ya Kiswahili, ambayo mtu aliweza kuitumia na kuinakili bila malipo. Kazi hiyo ilikuwa njema. Ila ilionyesha pia kuwa kuitafsiri programu ni nusu ya safari. Kumsemesha mwandishi Kiswahili mezani pake hakutoshi, ikiwa aliyoyaandika hayafunguki kwa jirani.

Jibu la swali, basi, ni hili. Ampaye mwenzake maandishi yasiyofunguka hajampa kitu bado. Amempa deni, na deni hilo ni lake yeye mtoaji hadi mlango ufunguke. Mwandishi hulilipa kwa kuuliza, kabla ya kupeleka, mwenzake ana chombo gani. Kwa kupanga tarakimu ndani ya jedwali wala si kwa nafasi tupu. Na kwa kuweka pamoja na faili nakala ya maneno matupu au karatasi iliyochapwa. Ofisi hulilipa kwa kupokea miundo ya wazi na kuitumia yenyewe. Mtengenezaji hulilipa kwa kutangaza jinsi alivyoyapanga maagizo yake. Hata msomaji ana sehemu yake: aonapo tarakimu imekaa mahali pa ajabu, asiinyamazie kwa kuwa imetoka katika kompyuta. Wajibu wa kila mmoja ni mdogo. Usipotimizwa, hasara yake humfikia mtu ambaye hakuandika, hakutengeneza wala hakufungua lolote: mkulima aliyepima korosho zake kwa haki, akalisikia jina lake likisomwa, na mbele ya jina hakukuwa na kitu.