Shukrani na Mizani

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeisikia mara nyingi, msomaji, lakini wengi wetu huitumia kumfariji mtu anayetoa kidogo. Ni nadra kuitumia kumwonya yule anayepokea. Nami leo nina swali la anayepokea: kanisa limshukuruje mtu anayelichangia kwa mara ya kwanza? Je, shukrani zifuate ukubwa wa kitu, au zifuate moyo?

Jambo hili nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe. Jumapili moja ya harambee ya kuezeka kanisa, nilipewa kazi ya kusoma majina ya waliochanga. Tajiri mmoja mgeni alikuwa ametoa fedha za mabati. Alivishwa shada la maua, akaketishwa mbele, akapigiwa makofi na vigelegele. Siku ile ile alikuwapo mama mmoja, naye mgeni, aliyeleta mayai sita. Yalinadiwa baada ya ibada, kama ilivyo desturi. Waliotoa chini ya shilingi 100 sikuwataja. Nilisema tu, "na wengineo," nikakunja karatasi. Mama yule sikumwona tena. Labda alihama, labda aliugua. Lakini dhamiri yangu haikukubali kujificha nyuma ya labda.

Mtunza hazina atasema: "Mabati hayanunuliwi kwa mayai sita. Anayeleta kingi asipotukuzwa, hatarudi." Hoja hii ina uzito, maana paa linalovuja halizibwi kwa maneno matamu. Lakini itazame vema. Heshima inayotolewa ili fedha zirudi si shukrani, ni bei. Na kiti cha mbele kikiisha kuuzwa, mnunuzi hudai zaidi: leo kiti, kesho mimbari. Kenya imeyaona hayo. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana liliwakataza wanasiasa kuhutubu katika ibada zake, na mwaka 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaagiza fedha zilizotolewa kanisani na viongozi wa siasa zirudishwe.

Injili za Marko na Luka zinasimulia habari za mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hekalu. Yesu alisema kwamba mjane yule alitoa kuliko matajiri wote, kwa kuwa wao walitoa ziada yao, naye alitoa riziki yake. Hakuwadharau matajiri; alibadili mizani.

Basi mtoaji mgeni apokelewe vipi? Kwanza, apokelewe kama mtu kabla ya kuhesabiwa kama mfuko: aulizwe jina lake, makao yake, na hali ya jamaa zake. Pili, ashukuriwe upesi, kwa maneno yale yale, awe ameleta ng'ombe au yai. Na kama majina husomwa, yasomwe yote bila kutaja kiasi. Anayependa kutoa kwa siri, siri yake ihifadhiwe. Tatu, aelezwe kweli mchango wake umefanya kazi gani: mabati mangapi yamenunuliwa, na mangapi bado. Hesabu safi ni shukrani bora kuliko shada, kwa kuwa shada hunyauka kabla jua halijatua.

Nawe, msomaji, siku moja utashika karatasi ya majina, iwe ya kanisa, ya chama au ya shule. Utakapofika mwisho wake, mahali ambapo ulimi uliochoka hutamani kusema "na wengineo," simama kidogo. Hakuna mtu aliyezaliwa akaitwa Wengineo. Kila mmoja ana jina lake, na alitoka nyumbani kwake asubuhi akiwa na kitu mkononi. Msome.