Mbwa Anayebweka na Jirani Asiyelala

Wengi wetu tulihamia Chamazi, Mbande, Bunju au Madale tukitafuta kiwanja cha kujenga na utulivu ambao katikati ya mji hatukuupata. Tulipomaliza kuezeka, kabla hata ya kupiga lipu, tulitafuta mbwa. Uzio ulikuwa bado, taa za barabarani hazikuwepo, na wezi walizijua njia zote. Tukaandika getini "Mbwa Mkali", tukalala. Jirani ndiye hakulala.

Katika nyumba yetu jambo hili lilitufikia kwa hodi ya asubuhi. Jirani yetu ni dereva wa daladala, huamka saa tisa usiku ili saa kumi awe barabarani. Mkewe alikuja, akasalimia, akauliza habari za watoto, ndipo akasema taratibu: "Jamani, yule mbwa wenu. Baba watoto ana siku nne hajapata usingizi, na anabeba roho za watu." Tulimwomba radhi kwa aibu. Usiku ule mbwa alipoanza tulitoka na fimbo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaanza tena, safari hii akiwa amejificha nyuma ya banda.

Tulipolieleza jambo hili kwenye jumuiya, ushauri haukukosekana. Mmoja alisema tumfunge mdomo kwa kamba. Mwingine akasema tumpakie kwenye gari tukamtupe mbali. Wa tatu alinong'ona habari za nyama yenye sumu, akasema ndivyo watu wanavyofanya. Wote ni watu wa sala. Nasi tulisikiliza bila kumkemea yeyote, kwa sababu tulikuwa tumechoka.

Ndipo mzee mmoja akauliza, "Je, mnakumbuka punda wa Balaamu?" Katika Hesabu sura ya 22, Balaamu anampiga punda wake mara tatu kwa kuwa anamsumbua njiani. Mungu anapomfungua punda kinywa, punda anamuuliza bwana wake amemkosea nini hata apigwe hivyo. Balaamu ana fimbo na hasira. Punda amemwona malaika mwenye upanga, nabii hajamwona. Mnyama aliyeonekana msumbufu ndiye aliyekuwa na la kusema.

Tulirudi nyumbani na swali hilo: mbwa wetu anasema nini? Tukamtazama kana kwamba ni mara ya kwanza. Alikuwa kwenye mnyororo mfupi kutwa nzima, banda lake limeelekea getini, na kila mpita njia alimwona kupitia uwazi wa chini ya geti. Bakuli la maji lilikuwa juani. Kupe walikuwa wamejaa masikioni. Hakuna aliyemtembeza, wala aliyemsemesha isipokuwa kumfokea. Mbwa ni mnyama wa kundi, na sisi tulimweka peke yake. Alibweka kwa hofu, kwa upweke, kwa kuwashwa. Sisi tulikuwa tukimpiga kwa kosa ambalo tulilifanya wenyewe.

Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Amri ya Sabato nayo inamkumbuka ng'ombe na punda, wapumzike pamoja na watu wa nyumbani. Mamlaka tuliyopewa juu ya viumbe ni ya mtunza bustani anayejua kwamba bustani ina mwenyewe. Hata sheria ya nchi yetu imeliona hilo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaufanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa. Mbwa hujipoza kwa kuhema akiwa ameachama, kwa hiyo kumfunga mdomo kwa kamba katika joto la Dar es Salaam kunaweza kumuua. Sumu nayo haichagui. Huua paka wa jirani, huua kuku, na mtoto anayechezea mchangani anaweza kuiokota. Na mbwa aliyetupwa mbali anapelekewa watu wengine akiwa na njaa, pengine bila chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wapo watakaosema: watu wenyewe wana shida, je, tuhangaike na mbwa? Swali ni la haki. Lakini huruma haipungui kwa kutumiwa. Mkono uliozoea kumpiga asiyeweza kujitetea hauulizi kwanza kama ana miguu miwili au minne. Tena, upo upande wa pili ambao wapenda mbwa hatupendi kuusikia. Kumhurumia mbwa huku dereva akikosa usingizi si huruma kamili. Amri ya kumpenda jirani haijaweka msamaha kwa mwenye mali ya kulinda. Mbwa ni wetu, kelele zake ni zetu, na aibu pia ni yetu.

Basi tulifanya mambo ya kawaida. Tulihamishia banda nyuma ya nyumba, penye kivuli, mbali na ukuta wa jirani. Tuliziba uwazi wa geti kwa bati. Mnyororo tuliuondoa, akawa huru ndani ya uzio. Tulimwita afisa mifugo, akamchanja, akampa dawa ya minyoo na ya kupe. Jioni tunamtembeza kwa kamba, tukiwapisha watu njiani, kwa maana majirani zetu wengi ni Waislamu na mate ya mbwa yanawalazimu kujitoharisha kabla ya swala. Chakula anapewa jioni, na usiku hakosi maji.

Tuliacha pia kumfokea, kwa sababu mbwa akisikia mtu anapaza sauti hudhani amepata mwenzake wa kubweka. Akianza tunakwenda kuangalia alichokiona. Akinyamaza, hata kwa muda mfupi, tunamwambia "kimya" kwa sauti ya chini na kumpa dagaa. Siku za kwanza hatukuona badiliko. Ilitupasa kuvumilia majuma kadhaa, na kila juma tulipita kwa jirani kumwuliza amelalaje. Kuuliza huko kulitusaidia kuliko tulivyotegemea, kwa kuwa mtu anayejua kwamba unahangaika kwa ajili yake huvumilia zaidi. Mbwa bado hubweka mtu akitikisa geti usiku, na hiyo ndiyo kazi yake. Siku moja mke wa dereva alituambia akicheka, "Mbwa wenu siku hizi amekuwa mtu."

Tulifurahi, lakini furaha hiyo ilituachia swali jingine. Mithali 27:14 inasema kwamba hata baraka, ikipigiwa jirani kelele alfajiri, huhesabiwa kuwa laana. Nasi tuna mikesha, na spika zetu huelekezwa barabarani. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limekuwa likionya baa na nyumba za ibada pia kuhusu kelele. Dereva yule yule anayesumbuliwa na mbwa wetu analala mita chache kutoka kanisani. Je, kuna aliyewahi kwenda kumwuliza amelalaje baada ya mkesha?

Tuanze na mbwa, kwa kuwa yuko nyumbani na ni rahisi kumfikia. Usiku wa leo akibweka, tuiache fimbo ukutani, tuchukue tochi, tukaangalie anachokisema. Kesho asubuhi tupige hodi kwa jirani. Na jumuiya itakapokutana, tuzungumze habari za spika.