Damu Juu ya Mwenye Nyumba

Fundi akifa mjengoni kwa kupigwa na stima, mazishini hakosekani wa kusema kwamba siku yake ilikuwa imefika. Husemwa Kapsokwony, husemwa Kimilili na Kitale, tena kwa imani safi. Lakini kauli hiyo humliwaza mjane na papo hapo humwachilia mwenye mjengo kabla hajaulizwa lolote. Kwa nini huyu, na kwa nini leo? Hayo tunaweza kumwachia Mungu. Kwa nini waya ulikuwa uchi ni swali letu. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande wa Kongo na Sudan, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu, Wazande walijua vyema kuwa mchwa wamekula nguzo; uchawi waliutaja kueleza kwa nini limewaangukia hao, saa hiyo. Wazande hawakuwasahau mchwa. Sisi tunawasahau.

Tuwatazame basi mchwa wetu. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Mwili uliolowa, miguu peku kwenye tope la mvua za Mlima Elgon, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya, upate miliampia 240. Chini ya nusu ya hizo zatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Saketi breka ya ampia 32 kwenye laini ya soketi haitajishughulisha na kiasi hicho, kwa kuwa imewekwa kuzuia waya usiungue. Kinachookoa mtu ni kifaa kingine, kile kinachokata stima inapovujia ardhini kwa miliampia 30 tu. Mafundi wengi wanalijua hili, wenye nyumba wachache. Na ikiwa uhai ulitegemea kifaa hicho, basi yupo aliyeamua kisinunuliwe, na uamuzi wake hauwezi kufichwa ndani ya neno ajali.

Atatokea muumini aseme kwamba kinga nyingi ni kumtilia Mungu shaka. Sheria ya Musa haikuona hivyo: Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Andiko halibishani kuhusu siku ya aliyeanguka, linamgeukia mjenzi. Waislamu nao wanayo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Isitoshe, hata anayeamini kwamba siku imeandikwa hufunga mlango wake usiku.

Pingamizi la faraja lina uzito zaidi, maana si utu kuhoji waya mbele ya jeneza. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka afisa wa usalama apashwe habari ya kifo cha kazini ndani ya saa 24, na kwetu hilo ni kabla ya mazishi. Kuomboleza na kuchunguza vinaweza kwenda sambamba. Gumu kabisa ni la umaskini: watu hujenga chumba baada ya chumba, kwa pesa za kahawa au mahindi, na stima huazimwa kwa jirani. Simhukumu mjane wa vyumba viwili sawa na kantrakta wa ghorofa. Hata hivyo kuzima swichi kuu, kupima kwa testa kabla ya kugusa, na kuinua nondo mbali na nyaya za nje hakuhitaji mavuno. Kanisa linapojenga, kisingizio hupungua zaidi. Kamati iliyochangisha harambee ya mabati na kuwaita vijana wajitolee Jumamosi ndiyo mwenye nyumba wa andiko lile, na kijana akidhurika, wa kwanza kuulizwa ni mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo wa swichi.