Deni Letu kwa Fundi

Mtu akifa, walio hai hubaki na deni. Katika neno hili watu wa dini zote na mila zote hupatana. Wakihitilafiana, huhitilafiana juu ya kiasi cha deni lenyewe na namna ya kulilipa. Wengine hulilipa kwa machozi, wengine kwa hitima, wengine kwa jiwe lililochorwa jina. Insha hii yataka kuuliza swali moja tu: mtu ambaye hakuwa mtawala, wala tajiri, wala mwanachuoni, bali alikuwa fundi wa mikono, baba wa watoto na mcha Mungu, akumbukwe kwa lipi, na kwa njia gani? Swali laweza kuonekana dogo. Walakini watu wa namna hiyo ni wengi makaburini kuliko wafalme, na ikiwa hatulijui deni letu kwao, basi hatulijui deni letu kwa sehemu kubwa ya wanadamu.

Nchi ya Usambara yafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili, maana ilibahatika kuandikiwa kumbukumbu zake mapema. Abdallah bin Hemedi Liajjemi aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa sehemu huko Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kikatolewa tena mwaka 1962. Kitabu hicho ni cha watawala wa Vuga na jamaa zao, na kilikuwa na haki ya kuwa hivyo. Aliyefua jembe na aliyechimba mfereji wa maji hawakuwa shabaha yake. Lakini msomaji mwangalifu ataona ajabu moja. Mbegha, baba wa ukoo ule mkubwa, haingii katika masimulizi kwa nguvu za jeshi. Huingia kwa ujuzi wa mikono. Alichukiwa kwao Ngulu kwa kuwa kigego, akatoka, akafika milimani akiwa mwindaji. Nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba aliwaua, na nyama aliyoipata aliwagawia watu. Waliomfanya mtawala walikuwa wamekwisha kumjua kwa faida ya ujuzi wake na ukunjufu wa mkono wake. Heshima ilitangulia, kiti kikafuata. Ikiwa hata mfalme hukumbukwa kwanza kwa alilowafanyia watu kwa mikono yake, kwa nini fundi asiyepata kiti asihesabiwe kwa kipimo hicho hicho?

Tumfikirie basi fundi mmoja wa Lushoto. Simpi jina, maana kila mtu wa milima ile aweza kumpa jina la mtu amjuaye. Yeye ni seremala, lakini useremala ni mlango tu wa kuingilia katika kazi zake. Bawaba ikikosekana dukani, hukata mpira wa gurudumu kuukuu akaifanya bawaba. Taa ya jirani ikizimika, huletwa kwake. Baiskeli ikivunjika katika mteremko wa kwenda Soni, huletwa kwake. Watoto wake huchezea magari ya mabati aliyoyakata mwenyewe jioni, na katika michezo hiyo hujifunza kupima kabla ya kukata. Katika baridi ya mwezi wa Julai, ukungu ungali umelala bondeni, sauti ya randa yake husikika kabla ya sauti za watu.

Lugha yetu ina hekima juu ya mtu huyu. Kiswahili chasema kutengeneza, na neno hilo moja lachukua maana mbili: kufanya kitu kipya, na kukirudishia uzima kilichoharibika. Wasambaa nao walikuwa na usemi wa jinsi hiyo juu ya nchi nzima: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa maneno hayo mawili. Nasema kwamba fundi naye alistahili kupimwa kwayo, kwa kuwa anayetengeneza mlango wa mjane aiponya nchi katika sehemu yake ndogo.

Lakini si kila kazi ya mikono huzaa kumbukumbu njema. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, na katika miaka iliyofuata wakulima wa Usambara walishurutishwa kulima matuta katika miteremko. Walipinga, na sheria ile ikaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Kuhifadhi udongo kwenyewe hakukuwa jambo baya. Kilichokosekana ni hiari, na pasipo hiari jasho halina mwenyewe. Fundi wetu akumbukwa kwa sababu alichokitoa alikitoa mwenyewe.

Hapa ndipo imani yake inapoingia. Usambara ni nchi ya misikiti na makanisa, na mara nyingine dini mbili hukaa katika ukoo mmoja na kula sahani moja. Iwe fundi huyu aliomba kwa njia hii au ile, imani yake hujulikana mahali ambapo wateja hawatazami. Geuza meza yake, uvute mtoto wa meza, upapase upande wa nyuma. Ukikuta mbao zimepigwa randa huko pia, umekuta itikadi yake. Mnunuzi hakulipia upande ule, wala hangeuona. Aliyelainisha mahali pa siri alifanya hivyo kwa kuwa alijua yuko aonaye. Kadhalika fundi huyo ndiye aliyeombwa kuchonga jeneza la msikiti, lile lisilozikwa bali hurudishwa kungojea mwingine. Alilichonga vizuri, huku akijua kwamba siku moja yeye mwenyewe atachukuliwa humo.

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Adabu hii ni njema siku ya maziko, lakini ikidumu sana humwua mtu mara ya pili. Fundi ambaye hakuchelewesha kazi hata siku moja hajazaliwa bado. Ahadi za mafundi zajulikana. Yawezekana alikuwa mkali nyumbani msumeno ulipokosekana mahali pake. Tukiyafuta hayo yote, twabaki na sanamu, na hakuna mtoto awezaye kumfuata sanamu. Mtoto amfuata mtu aliyekosea kipimo, akautupa ubao, akachukua mwingine.

Sasa yaja hoja ngumu kuliko zote. Watoto wa fundi wamekwenda Tanga na Dar es Salaam. Mmoja ni karani, mwingine ni mwalimu, wa tatu yu dereva. Patasi zapata kutu ukutani. Je, deni halikulipwa? Wako watakaosema kwamba kumbukumbu ya fundi imekatika pale ujuzi ulipokatika. Mimi siwakubali. Ujuzi ulikuwa wa mikono yake, lakini kilichouongoza hakikuwa cha mikono. Karani akiandika sawasawa daftari ambalo hapana mkubwa atakayelikagua, amepiga randa nyuma ya mtoto wa meza. Mwalimu akimrudia mara ya tatu mwanafunzi mzito, amekitengeneza kilichoharibika badala ya kukitupa. Lakini mwana akija kila mwaka na shada la maua, kisha akarudi kazini kwake kufanya kazi ya macho ya watu, huyo amelitunza kaburi na kumsahau baba.

Jina la fundi litadumu muda wa vizazi viwili au vitatu, maana hakuandikiwa kitabu. Viti vyake vitadumu kuliko jina, na watu watavikalia bila kuuliza aliyevifanya. Hilo si dhuluma, maana hata yeye hakumwuliza aliyeupanda mti. Dhuluma ni kuikalia kazi njema ya wafu na kuwaachia watakaokuja kazi mbovu. Deni la fundi halilipwi nyuma kwake, maana yeye hana haja tena. Hulipwa mbele, kwa mtu atakayefungua mlango tulioutia sisi, asijue jina letu, akaona kwamba wafunga vema.