Kujitoa Katika Umoja

Je, mwenye haki ya kujitoa katika umoja huondokewa pia na wajibu kwa wale anaowaacha? Swali hili ni zito, na mtu asimamaye katika bandari ya Mwanza Kusini anaweza kulipima kwa macho yake.

Meli mbili ziliundwa kuvusha mabehewa ya reli baina ya Mwanza, Kisumu na bandari za Uganda. Moja iliitwa Umoja, ya pili Uhuru. Zilimilikiwa kwa ushirika chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967. Kila mshirika alikuwa na malalamiko: Tanzania iliona faida hazigawanywi kwa usawa, na Rais Nyerere alikataa kuketi meza moja na Idi Amin. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilichukua Uhuru, na Umoja ikabaki Tanzania. Mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa hadi 1983.

Yamkini msomaji atasema kosa lilikuwa kutowauliza wananchi. Lakini Waingereza waliulizwa mwaka 2016 juu ya Umoja wa Ulaya. Karibu asilimia 52 walitaka kutoka, na 48 kubaki. Waziri Mkuu David Cameron akajiuzulu; Theresa May, aliyemfuata, akaangushwa na jambo lilo hilo mwaka 2019. Watu wengi wa Scotland na wa Ireland ya Kaskazini walitaka kubaki, nao wakatolewa mwaka 2020 pamoja na wenzao. Kura ilijibu kama watoke. Haikujibu waishi vipi baada ya kutoka.

Naona, basi, kuwa kura humpa mtu haki ya kuamua, wala haimfutii deni. Wengi hawana ruhusa ya kuwasahau wachache, wala taifa kumsahau jirani. Mvuvi wa Ukerewe hawezi kulihamisha ziwa, na samaki hatambui mpaka. Kwa sababu hiyo nchi tatu zilikutana tena mwaka 1994 kuunda shirika la uvuvi wa Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, na mwaka 1999 zikatia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya.

Atakaye kujitoa, naye amedhulumiwa, na ajitoe. Lakini kabla ya kufunga mlango na aulize ni nani atakayeachwa nje, na ni nani aliye ndani ambaye hakutaka ufungwe.