Bei ya Damu na Sanduku la Hazina

Injili ya Mtakatifu Mateo yatupasha jambo moja ambalo wengi hulipita upesi. Yuda Iskarioti alipoona kwamba Bwana wetu amekwisha hukumiwa, alivirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akavitupa hekaluni. Makuhani wakuu, wale wale waliomlipa, waliviokota, lakini walikataa kuvitia katika sanduku la hazina kwa kuwa ni bei ya damu. Wakanunua konde la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzikia wageni. Watu hao hawakuona haya kutoa fedha ili mtu auawe; waliona haya kuipokea iliporudi. Siku hizi mambo yamegeuka. Fedha hutoka mikononi mwa watu wema na wapole, hupita katika viwanda vya silaha, nayo ikirudi imezaa hupokelewa kwa furaha, wala hakuna anayeuliza imepita njia gani.

Twasema hayo kwa ajili ya biashara ya bunduki katika nchi ya Marekani. Nchi hiyo haina vita nyumbani kwake, hata hivyo wataalamu wa Small Arms Survey, huko Uswisi, walikadiria kwamba mwaka 2017 raia wake walikuwa na bunduki na bastola karibu milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Sheria yamtaka mwenye duka la silaha aulize kwanza kwa serikali kama mnunuzi anaruhusiwa kuuziwa. Hesabu ya maulizo hayo hutunzwa na FBI, nayo yatuonyesha, si idadi kamili ya silaha zilizouzwa, bali jinsi soko linavyopanda na kushuka. Mwaka 2019 maulizo yalikuwa milioni 28 na kitu. Mwaka 2020, mwaka wa maradhi ya korona, wa kuuawa kwa George Floyd na ghasia zilizofuata, na wa uchaguzi wenye uhasama mwingi, yalikaribia milioni 40. Kampuni ya Smith & Wesson, iliyoanzishwa mwaka 1852, ilifunga hesabu zake za mwaka mwezi Aprili 2021 ikiwa imeuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 1. Haikuwahi kuuza kiasi hicho tangu ianzishwe.

Ni kitu gani kinachowasukuma watu hivyo? Zamani jibu lilikuwa jepesi: mtu alinunua bunduki kwa ajili ya kuwinda. Mwaka 1999 wenye bunduki waliulizwa sababu yao kubwa, na karibu nusu yao wakataja uwindaji, na robo hivi tu wakataja kujilinda. Mwaka 2013 majibu yalikuwa yamepinduka: karibu nusu walitaja kujilinda, na uwindaji ukabaki nyuma. Wanyama wa Marekani hawakupungua sana katika miaka hiyo kumi na minne. Kilichozidi ni hofu.

Wala hofu hiyo si ya mwizi peke yake. Jumba la bunduki lina siri moja ambayo mfanya biashara huijua kuliko mhubiri: bunduki haichakai. Kiatu hutoboka, gari huharibika, bali bunduki iliyopakwa mafuta na kutunzwa vema babu humwachia mjukuu. Basi mwenye kiwanda afanyeje, ikiwa kila aliyetaka bunduki amekwisha kuipata? Hana budi kupata mtu mpya wa kuogopa, au hofu mpya kwa mtu yule yule. Na hofu iliyo kubwa kuliko zote katika soko hili ni hii, kwamba kesho serikali itakataza, kwa hiyo yafaa kununua leo.

Ndiyo maana hutokea jambo la kutisha. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana mmoja aliingia katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Taifa zima lililia, na Rais Obama akasema sheria lazima zibadilike. Mwezi ule ule maulizo ya wanunuzi yalipita milioni 2.7, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu hesabu hiyo ianze mwaka 1998. Watu walikimbilia kununua bunduki za namna ile ile iliyotumika darasani. Kinyume chake, mwezi Novemba 2016 alipochaguliwa rais aliyejulikana kuwa rafiki wa wenye silaha, hisa za viwanda zilianguka siku iliyofuata, na mwaka 2017 maulizo yakapungua. Remington, kampuni iliyoanza mwaka 1816 na iliyokuwa na madeni mengi, iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika mwezi Machi 2018. Yaani amani ya moyo kwa mnunuzi ni hasara kwa mwuzaji, na kilio cha wazazi ni mwanzo wa msimu wa mauzo. Hatusemi kwamba wenye viwanda hutamani watoto wafe. Twasema kwamba mwenye hisa aliyefungua gazeti kutazama bei, asubuhi ya namna hiyo, amewekwa mahali ambapo faida yake na machozi ya jirani vyasafiri katika gari moja. Mkristu hawezi kukaa hapo akasema hayamhusu.

Wako watakaotujibu kwamba Kanisa halikatazi mtu kujilinda. Ni kweli, halikatazi. Na mjane akaaye shambani mbali na polisi hatumtupii jiwe. Lakini tazameni matunda. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi huko Marekani, na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua wenyewe. Silaha iliyonunuliwa kumzuia mgeni mlangoni ilimwua mtu wa nyumbani, katika saa ya huzuni ambayo pengine ingepita kama chombo kisingalikuwa karibu. Tangu mwaka 2020 risasi zimeua watoto na vijana wa nchi hiyo wengi kuliko maradhi au ajali yo yote. Haya matangazo ya biashara hayasemi. Tangazo moja la bunduki ya Bushmaster, ya namna iliyotumika Sandy Hook, lilimwahidi mnunuzi kwamba ataipata tena hati ya uanaume wake. Wazazi waliofiwa walilishika tangazo hilo, wakaishtaki Remington iliyokuwa na jina la bunduki hiyo. Mwezi Februari 2022 walikubaliana kulipwa dola milioni 73, nazo zikalipwa na kampuni za bima.

Turudi kwa mwenye fedha. Tarehe 21 Juni 2015, akizungumza na vijana mjini Torino, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaonya wale wajiitao Wakristu huku wakitengeneza silaha. Kisha akamgusa yule ajiteteaye kwamba yeye hatengenezi, ameweka akiba yake tu huko, kwa sababu faida yake ni kubwa kidogo kuliko kwingine. Miezi mitatu baadaye, mbele ya Bunge la Marekani, aliuliza kwa nini silaha huuzwa kwa watu watakaodhuru wenzao, akajibu mwenyewe kwamba ni kwa ajili ya fedha iliyoloa damu. Jibu lile lilikuwa fupi, na ukumbini walikuwamo watu wengi waliochaguliwa kwa msaada wa wenye kupenda silaha.

Basi mwenye hisa aziuze? Sisi twaona si rahisi kama isemwavyo. Baada ya Sandy Hook, mfuko wa uzeeni wa walimu wa California ulishtuka kugundua kwamba akiba za walimu zilikuwa ndani ya Cerberus, kampuni iliyomiliki kiwanda kilichotengeneza bunduki iliyowaua walimu wenzao. Cerberus ikatangaza kwamba itauza kiwanda. Miaka ikapita, haikupata mnunuzi wa kuiridhisha. Zaidi ya hayo, hisa niliyoiuza mimi lazima mwingine ainunue, na huenda huyo hana dhamiri ya kumsumbua.

Kwa hiyo masista fulani wa Marekani walichagua njia ngeni. Masista Wadominiko wa Adrian, na watawa wengine pamoja nao, walinunua hisa chache za viwanda vya bunduki, si kwa ajili ya gawio, bali wapate haki ya kuingia mkutanoni na kuuliza. Mwaka 2018, baada ya vijana na walimu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, jimbo la Florida, wenye hisa wa Sturm, Ruger, kwa kura nyingi, waliitaka kampuni itoe taarifa juu ya madhara ya bidhaa zake. Pendekezo hilo lilikuwa limeletwa na shirika la hospitali za Kikatoliki. Mwezi Septemba wenye hisa wa Smith & Wesson wakafanya vivyo hivyo. Taarifa zilipotoka, kampuni zilishikilia kwamba lawama ni ya mhalifu peke yake. Masista hawakunyamaza. Mwezi Desemba 2023 walifungua mashtaka katika jimbo la Nevada, wakisema kwamba viongozi wa Smith & Wesson wanaihatarisha kampuni kwa namna wanavyotangaza na kuuza bunduki zao. Mahakama haikuwapa ushindi.

Wengine waliwacheka: watawa wazee, wenye hisa za kuhesabika, wapambane na kampuni ya bilioni! Lakini walifanya alichopaswa kufanya kila mwenye sanduku la hazina, yaani kufungua kifuniko na kutazama.

Wako wasomaji wetu, au watoto wao, wafanyao kazi huko Marekani, katika hospitali, viwanda na maghala, na kila mwezi hukatwa mshahara kwa akiba ya uzeeni. Wengi hawajui fedha hiyo hulala wapi. Mara nyingi huwekwa katika mifuko mikubwa inayonunua kidogo kidogo hisa za kampuni zote za sokoni, za bunduki zikiwa humo. Tangu mwaka 2018 baadhi ya wasimamizi, BlackRock akiwa mmoja wao, wamekuwa na mifuko isiyo na viwanda hivyo, lakini humpa anayeomba tu. Mwenye akiba ana haki ya kudai orodha ya kampuni zilizomo katika mfuko wake. Aende ofisini kwa mwajiri, aidai kwa maandishi, aisome jina kwa jina. Orodha ni ndefu na herufi ni ndogo. Atenge jioni moja kwa kazi hiyo.